Mxiu! Mia Tu, Mia Tu

Mxiu! Nasonya mapema, kabla hata mzee wa kahawa hajanimiminia kikombe cha kwanza, kwa sababu leo nataka tuzungumze jambo ambalo kila aliyekaa kwenye benchi hili limemkera wiki hii, na kila mmoja ameona haya kulitaja. Hapa kijiweni tunabishania Simba na Yanga mpaka mishipa ya shingo inatutoka. Tunajadili bei ya mafuta, chaguzi za nchi za watu, nani kamwoa nani na nani kamwacha nani. Lakini ile mia yako aliyoimeza konda asubuhi, huisemi. Mtu mzima, baba wa watoto, utaanzaje kusema kwamba shilingi mia moja imekuharibia siku? Unanyamaza. Unakunywa kahawa yako, unatafuna kashata yako, na donge limekukaa hapa kooni.

Mimi leo nalitoa. Nasema hivi, na anayebisha asogee karibu tusikizane: hasira zinazotupanda kwa vitu vidogo hazitokani na udogo wa akili zetu. Chungulia vizuri kero nyingi kati ya hizo zinazokuchemsha damu. Nyuma yake utamkuta mtu aliyekutazama, akakupima, akaamua kwamba wewe si wa kuhesabiwa. Hapo ndipo panapouma. Mia ni kisingizio.

Tuanze na hiyo hiyo chenji, maana wote tumepanda daladala leo. Desemba 2023 nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka 500 hadi 600. Enzi za 500 mambo yalikuwa mepesi: unatoa sarafu moja, mnamalizana, hakuna anayemdai mwenzake. Ilipofika 600, kila mwenye noti ya 1,000 akawa anadai 400, na mia nne haina sarafu yake. Sarafu tunazobeba mfukoni ni za 50, 100, 200 na 500. Kwa hiyo kila noti ya abiria inamtaka konda awe na mia mbili mbili, na gari la asubuhi limejaa watu wenye noti. Ugomvi ulianzia hapo, kwenye hesabu, kabla mtu yeyote hajawa na roho mbaya.

Sasa tazameni unavyokua. Konda anapita akichezesha sarafu kiganjani, kacha kacha kacha, "Nauli, nauli, wa nyuma huko!" Unampa noti yako. Anaikunja kwa urefu, anaipachika katikati ya vidole pamoja na nyingine, anapita mbele. Unamwambia, "Konda, chenji." Anasema, "Utapata, mzee." Vinapita vituo viwili. "Konda, chenji yangu." "Si nimekwambia utapata?" Mnakaribia Magomeni Mapipa ndipo anakudondoshea sarafu tatu kiganjani, ya 500, ya 200 na ya 100, halafu anakuonyesha kwa kidevu: "Gawaneni na huyo mwenye shati la kijani." Pigeni hesabu wenyewe. Ni mia nane ya watu wawili, kila mmoja mia nne. Atakayechukua 500 anamdai au anadaiwa? Anadaiwa mia. Na mia hana, angekuwa na sarafu asingetoa noti. Hivyo watu wawili ambao hawajawahi hata kusalimiana wamegeuzwa mdai na mdaiwa, wanapapasa mifuko mbele za watu, na aliyewafungisha hiyo ndoa yuko mlangoni anapiga bodi la gari, "Twende, twende, shusha!"

Mia ile ungemkuta mtoto wa jirani analia, ungempa bila kuombwa. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba unalilia mia. Unachokililia ni kwamba mwingine ameamua kuhusu fedha yako pasipo kukuuliza, na kazi ya kutafuta chenji, ambayo ni yake, amekutwisha wewe. Kisha, ukifungua mdomo, gari zima linakugeukia: "Baba, mia tu hiyo, shuka twende!" Mxiu! Anayedai haki yake ndiye anayeitwa bahili. Aliyeidhulumu amesimama kando anasifiwa kwa uvumilivu.

Mama lishe ananidakia hapa, anasema dukani ni yale yale, unadai chenji unapewa pipi mbili au kiberiti. Haswa! Nani aliagiza pipi? Jaribu wewe kesho kulipia sukari kwa pipi uone kama zitapokelewa.

Tuondoke barabarani, twendeni bombani. Kwenye mitaa ambayo maji hutoka kwa zamu, foleni haipangwi na watu, inapangwa na ndoo. Mnazijua. Ndoo ya lita ishirini iliyokuwa ya rangi, imefungwa kipande cha kanga kwenye mpini ili mwenyewe aitambue. Dumu la njano lililoandikwa herufi mbili za jina. Beseni lililopasuka ukingo likashonwa kwa uzi wa nailoni. Zimejipanga tangu usiku, wenyewe hawapo. Mmoja anakoroga uji, mwingine anamwogesha mtoto wa shule, mwingine amejilaza kidogo. Mbele kukipungua, mtu aliyepo anasogeza ndoo zote kwa mguu, moja baada ya nyingine, zikiwemo za watu asiowajua hata kwa sura. Hapana mjumbe pale, hapana askari, hapana karatasi ya majina. Ni neno la watu tu, na neno hilo linashika. Mimi nikiona foleni ya ndoo imetulia alfajiri naiheshimu kuliko vikao vingi nilivyowahi kuhudhuria.

Halafu asubuhi moja mama anarudi anaikuta ndoo yake imewekwa pembeni, karibu na ukuta, na mahali pake kuna madumu mawili mapya. "Nani kaitoa ndoo yangu?" Kimya. Kila mtu anayatazama maji yanavyochuruzika. Anauliza tena. Mmoja anamjibu bila kugeuka, "Si ujaze tu zamu ikifika, maji yapo." Hapo ndipo patashika inapoanza, ndoo zinapigwa teke, kanga zinafungwa viunoni. Wapita njia wanacheka: wanawake hao wanagombania maji! Hapana. Maji angeyapata, tena dakika chache baadaye. Ile ndoo ilikuwa imesimama pale kwa niaba yake. Aliyeiondoa amemwondoa yeye.

Na hii si tabia ya uswahilini peke yake, kama wanavyopenda kusema wale wa kwenye magari yenye vioo vya giza. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Stanley Milgram, aliyewatuma watu wajipenyeze makusudi kwenye foleni za New York, na alichokiona kikachapishwa mwaka 1986. Alipojipenyeza mtu mmoja, watu walipinga katika takribani nusu ya foleni. Walipojipenyeza wawili kwa pamoja, kelele ziliongezeka sana. Waliopinga zaidi walikuwa wale wa nyuma ya mvamizi, kwa kuwa ndio aliowaibia zamu. Lakini mimi nawafikiria wale wa ile nusu nyingine, waliosimama kimya. Mnadhani hawakukereka? Walimeza. Wamekwenda nayo nyumbani, na huko nyumbani kuna watu. Nitawarudia hao, msinisahaulishe.

Mpaka hapa tumesema ya kuonekana. Kuna ya kusikika. Umekaa kwenye gari, umechoka, unataka kuufunga mdomo na macho mpaka Mbagala. Aliye pembeni yako anaongea na simu. "Ehee... Hapana... Alisema nini?... Hee! Makubwa!... Sasa yule mtoto?" Mtoto gani? Nani kasema nini? Hutaki kujua, lakini sikio limekwishasimama. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, wakiongozwa na Lauren Emberson, walionyesha kwamba kusikia upande mmoja wa maongezi kunavuruga umakini kuliko kuwasikia wazungumzaji wote wawili. Akili ya binadamu, ikipewa nusu ya jambo, inajituma yenyewe kukisia nusu iliyobaki. Kwa hiyo yule dada wa simu hajakupigia kelele tu, amekuajiri. Umefanya kazi yake njia nzima bila malipo, umeshuka kichwa kinauma, na ukiulizwa umechokea wapi huwezi kusema.

Afadhali huyo. Yupo wa pili, anayefungulia video kwa sauti ya mwisho, akiichoka kabla haijaisha anarukia nyingine, kicheko kimekatwa katikati, muziki umekatwa katikati, mahubiri yamekatwa katikati. Visikilizi viko shingoni, vinaning'inia. Mxiu! Mwambie apunguze, anakutazama juu mpaka chini, anakuuliza, "Kwani hili gari lako?"

Swali zuri sana hilo, hebu tulijibu. Si langu. Wala si lake. Na ndiyo maana naomba apunguze. Kilichonikera zaidi ya sauti ni kwamba hakuna kitufe upande wangu. Wamarekani wawili, David Glass na Jerome Singer, walilijaribu jambo hili miaka ya mwisho ya 1960, wakaliandikia kitabu mwaka 1972. Waliwakalisha watu kwenye makelele. Baadhi waliambiwa, hiki hapa kitufe, ukizidiwa bonyeza yanakatika, ila tungependa usibonyeze. Wengi hawakubonyeza. Walisikia kelele zile zile, kwa muda ule ule, sawa na wasiokuwa na kitufe. Lakini walipopewa mafumbo ya kufumbua na maandishi ya kusahihisha baadaye, waliokuwa na kitufe walifanya vizuri zaidi na hawakukata tamaa upesi. Tofauti yao ilikuwa kujua kwamba wakisema basi, inakuwa basi.

Jamani, hapo ndipo penye siri yote. Muziki wa harusi ya jirani aliyekualika, au angalau aliyekuja mchana kukuambia, "Shemeji, leo tuna shughuli, mtuvumilie mpaka saa sita," unalala nao. Muziki wa yule ambaye hakukuambia, hata ukiwa wa chini, unakutoa usingizini. Masikio ni yale yale. Aliyekuja mlangoni amekupa kitufe. Amekuambia kwamba anajua upo.

Nimemwona fundi cherehani anatabasamu, anadhani leo kapona. Fundi, zamu yako hii. Mtu anakuletea kitambaa wiki tatu kabla ya Idi. Unampima, unaandika kwenye daftari, unamwambia aje Jumatano. Jumatano: "Njoo kesho, imebaki vifungo tu." Kesho anakuja, kitambaa hakijakatwa hata ncha, kiko kwenye mfuko ule ule alioletea, umekaliwa na paka. "Njoo kesho, umeme ulikatika." Mteja anaondoka anatetemeka. Si kwa sababu ya gauni. Anatetemeka kwa sababu ulikuwa unajua. Ile Jumatano asubuhi, alipokuwa anapanda gari kuja kwako, wewe ulikuwa unajua kwamba hakuna kitu, na namba yake ya simu iko kwenye daftari.

Fundi anajitetea, na utetezi wake nauheshimu kwa kuwa ni wa kweli: akimwambia mteja ukweli siku ya kwanza, mteja atapeleka kitambaa kwa fundi mwingine, na kodi ya kibanda haisubiri. Nimekusikia, fundi. Lakini unachokifanya ni kumfungia mtu mlango wa kuchagua. Mwambie, "Nina nguo nyingi mbele yako, yako itatoka siku mbili kabla ya sikukuu, ukiona mbali nenda kwa fulani." Wengine watakwenda. Waliobaki watakungoja bila kinyongo, na mwakani watarudi. Yale yale kwa ndugu zetu wa "niko njiani nakaribia," wakati nyuma ya simu tunasikia maji ya kuoga yanamwagika. Sema, "Sijatoka, nipe saa nzima." Saa nzima niliyoambiwa naweza kuipangia kazi. Dakika kumi za uongo zinanila mchana wote, kwa sababu nimesimama juani nisiweze kwenda popote.

Anayedhani kuelezwa sababu ni kitu kidogo akumbuke mita za LUKU mwaka 2024. Kununua umeme tumezoea kubonyeza tarakimu 20. Mwaka ule ununuzi mmoja ulikuja na makundi matatu ya tarakimu 20 kila moja: mawili ya kuboresha mita, la tatu ndilo umeme wenyewe. Tarakimu 60, gizani, kwa tochi ya simu, ukikosea moja unarudia kundi zima. Mitaani watu waling'aka. Lakini palikuwa na sababu. Mita za aina hii duniani kote zinahesabu muda kwa dakika kuanzia mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita isiyoboreshwa kabla ya siku hiyo isingekubali tena umeme mpya. Nikamwona bibi mmoja mtaani kwetu, kijana wa jirani alipomkalisha akamweleza hivyo hivyo kwa utulivu, akavaa miwani, akaomba asomewe namba polepole, akabonyeza zote mpaka mwisho. Tarakimu hazikupungua hata moja. Kilichopungua ni hasira, maana sasa alikuwa anajua anafanya nini na kwa nini. Sababu ikielezwa kwa adabu, kazi ile ile inakuwa nyepesi mkononi.

Sasa kuna wanaonibishia: mbona tunakasirikia na vitu visivyo na mtu nyuma yake? Mbu mmoja aliyeingia ndani ya chandarua saa nane za usiku, unamsikia sikioni, unawasha taa, hayupo. Zipu inayong'ata kitambaa wakati umechelewa. Ndala inayokatika mkanda katikati ya kuvuka Barabara ya Morogoro. Nani amekudharau hapo, ndala?

Hoja nzuri, na jibu lake ninalo. Ndala haijakudharau. Ndala imefika ya mwisho tu, imekukuta umejaa. Mwaka 1981 Allen Kanner, Richard Lazarus na wenzao huko Marekani walichapisha utafiti wa watu 100 wa umri wa makamo, waliokuwa wakijaza kila mwezi orodha ya kero zao ndogondogo: vitu kupotea, kupoteza muda, majirani, bei kupanda. Wakalinganisha na matukio makubwa ya maisha, misiba, talaka, kufukuzwa kazi. Ikaonekana kwamba kero ndogo ndizo zilizotabiri vizuri zaidi nani ataathirika kisaikolojia. Wahenga wetu walishasema haba na haba hujaza kibaba, ila sisi tunaikumbuka methali hiyo tukiweka akiba tu, tunaisahau tukimeza kero. Msiba mkubwa una watu: tanga, turubai, mchango, mikono ya pole. Nani aliwahi kukuwekea turubai kwa ajili ya chenji? Kila kero ndogo unaibeba peke yako, halafu unaona aibu kuibeba.

Na hapa narudi kwa wale waliomeza, niliowaahidi. Hasira iliyomezwa haikai tumboni ikaoza. Inatafuta pa kutokea, na inapita pale penye ukuta mfupi. Bosi kakufokea ofisini, hukujibu. Konda kala mia, hukujibu. Mtu kakukata foleni benki kwa kusema "mimi nauliza tu," akauliza, akahudumiwa, akatoka, hukujibu. Umefika nyumbani, mtoto wa miaka sita kaangusha kikombe. Majibu yote ya siku nzima anayapata yeye.

Seneca, mwanafalsafa wa Roma, anasimulia katika kitabu chake kuhusu hasira habari ya tajiri mmoja, Vedius Pollio, aliyemwalika mfalme Augusto chakula. Mtumwa akavunja kikombe cha kioo, na Pollio akaamuru atupwe bwawani aliwe na samaki wakali aliokuwa akiwafuga. Mtumwa akaikimbilia miguu ya Augusto, akaomba afe kifo kingine chochote. Augusto akaagiza yule mtumwa aachiliwe, vikombe vyote vya kioo vivunjwe pale pale mbele ya mwenyewe, na bwawa lifukiwe. Miaka elfu mbili imepita, na kikombe bado kinavunjika, na aliye chini kabisa bado ndiye anayelipa. Dada wa kazi analipa. Mtoto analipa. Mke analipa. Naomba kila mwanaume aliyekaa hapa alitafakari hili kabla hajainuka, maana huko ndiko hasira ya mia inakogeuka jambo kubwa, na hapo haina utetezi hata kidogo.

Konda naye tumtendee haki. Gari lile si lake wala la dereva. Wana hesabu ya tajiri ya kupeleka kila siku, mafuta juu yao, na kinachobaki ndicho mshahara. Wengi hawana mkataba wa maandishi wala likizo. Akipoteza dakika tano Ubungo anatafuta chenji, wenzake wamezoa abiria mbele yake. Ndiyo maana anakuja mbio, na ndiyo maana wakati mwingine gari linakatisha ruti likakumwaga katikati ya safari. Simsafishi. Mia yangu haidaiwi na tajiri wake, naye hana ruhusa ya kuitoa kwangu. Nachosema ni kwamba naye katemewa na wa juu yake, akanitemea mimi. Nikimtemea mtoto wangu, mnyororo umekamilika, na tajiri hajui hata kama ulianza.

Tufanyeje basi? Mzee wa kahawa, ambaye haongei mpaka dele limekaribia kuisha, anatukumbusha mafundisho ya Mtume: mwenye nguvu si anayewaangusha watu mieleka, ni anayejimiliki hasira inapompanda, na aliyekasirika amesimama na akae chini. Kweli tupu. Lakini naongeza langu, na mzee amenikubalia kwa kichwa. Kujimiliki si kunyamaza. Wahenga walisema hasira ya mkizi, tijara ya mvuvi: anayeruka kwa ghadhabu anaangukia mtumbwini mwa mwingine. Hawakusema samaki akae kimya avuliwe.

Sema. Sema mapema, jambo likiwa bado dogo, kabla halijapata wenzake. Sema kwa anayehusika, usilibebe ukampe asiyehusika. Sema jambo moja tu, usimwongezee ukoo wake na kabila lake. "Kaka, naomba punguza sauti." "Dada, mimi ndiye niliyefuata." "Fundi, niambie siku ya kweli." Wengi wakiambiwa hivyo wanarekebisha. Asiyerekebisha, angalau umeshuka kituoni kifua kikiwa chepesi, na mtoto nyumbani atakupokea begi pasipo kukusoma uso kwanza.

Na jambo la mwisho, ndilo hasa lililonifanya nisonye asubuhi yote hii. Yule anayesema asiachwe peke yake. Foleni ya ndoo inashika kwa sababu wote wanailinda, hata ndoo za wasiokuwapo. Daladala halishiki kwa sababu kila mmoja analinda mia yake tu, na ya mwenzake anaiita "mia tu." Basi tuanzie hapo. Mara nyingine mtu akisimama kwenye gari akidai chenji yake, awe mama, awe mwanafunzi, awe mzee asiyesikia vizuri, usiangalie dirishani. Usimwambie ashuke twende. Fungua mdomo wewe ambaye hudai kitu, umwambie konda kwa upole na kwa sauti ya kusikika: "Mpe chenji yake kwanza." Aliye nyuma yako arudie. Mkiwa watatu, gari litasubiri.